Kakuni haitaki haraka

Kuna dada kanitumia meseji wiki hii, anasema kila akipika kakuni, ile kitimoto ya Kijapani ya vipande vya mraba, rangi inatoka safi lakini ukitafuna ni mpira. Dada yangu, unawahi kutia sosi ya soya, basi.

Mimi hiki chakula nimekijulia Nagasaki nilipokuwa nasoma, na pale ndo kwao. Asili yake China, kule Hangzhou kuna nyama inabeba jina la Su Dongpo, mshairi wa karne ya 11, sasa Japani ilivyokuja kujifungia milango karne nyingi baadaye, Nagasaki ndo bandari waliyoachiwa Wachina na Waholanzi wafanye biashara, na mapishi yakapitia humohumo. Mpaka leo mtaani wanauza kakuni imebanwa kwenye mkate mweupe wa mvuke, tamu balaa.

Kilichonifanya niing'ang'anie ni jamaa mmoja wa bwenini aliyenitamkia mbele za watu kwamba sisi tunajua kuchoma tu, kupika hatujui. Iliniuma, na sitadanganya, bado inauma. Ndo maana Jumapili iliyopita, bibi mmoja wa Kijapani alipokipasua kipande nilichompakulia kwa vijiti tu, bila kisu, akaomba aongezewe mchuzi kwenye wali, nilijaa fahari nikamkumbuka yule jamaa.

Sasa sikiliza. Chukua nyama ya tumboni yenye tabaka za mafuta, kata vipande vya sentimita 5 hivi, kaanga kidogo kila upande, halafu chemsha kwa maji, tangawizi na majani ya vitunguu tu, moto mdogo kabisa, masaa mawili, isitokote kwa fujo. Kijiti kikipenya bila kubishana umefika. Acha ipoe, weka friji ilale humo, asubuhi mafuta yameganda juu meupe pee, yaengue. Hapo ndo unatia sake (pombe ya mchele ya Kijapani), mirin (ile tamu ya kupikia) na sukari, soya ije nyuma, kidogo kidogo, na funika kwa foili inayogusa nyama yenyewe ili mchuzi upande juu.

Watu hamtaki kusubiri jamani! Umetoka buchani saa hizi unataka kula saa hizihizi, unaongeza moto, halafu unasema mapishi ya wenzetu magumu. Nyama yenye ngozi inalainishwa na muda, moto mkali unaikaza tu. Mayai ya kuchemsha yatie mwishoni, na haradali pembeni usisahau, ndo inafanya usikinaishwe na mafuta.