Kwa mnaoanza kuuza dawa: muulize kichwa kimeuma siku ngapi

Ukikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa huku Pemba, swali hili litakufika kabla mwezi haujaisha. Litaulizwa kwa sauti ndogo, na mtu aliyeshika mia tano mkononi: "Ati hizi panadol zinaleta uvimbe kwenye ubongo?" Nimeuza dawa Chake Chake miaka kumi na saba, na miaka mingi ya mwanzo nilikuwa nikicheka. "Uzushi tu huo," nasema, nakata vidonge, nachukua pesa. Jibu halikuwa mbali na ukweli. Kosa langu lilikuwa kwamba mazungumzo yaliishia hapo.

Msimu mmoja wa karafuu alikuwa akija mzee mmoja, nikimwita ami kama tunavyowaita wote wa umri ule. Kila baada ya siku mbili tatu, pakti moja ya panadol. Wachumaji wengi hununua dawa ya maumivu wakati huo: kutwa uko juu ya mkarafuu, shingo umeipinda, jioni mabega hayana hali. Nikaona naye ni wale wale. Karafuu zikaanikwa, zikauzwa, majamvi yakakunjwa, na ami bado anakuja. Sikumuuliza. Siku moja akaingia mwanawe, hakununua kitu. Baba amepelekwa Unguja, kapigwa picha, kaonekana ana uvimbe kichwani. "Wewe ndiwe ulokuwa ukimuuzia. Ni hizi dawa zenu zilomfanya?"

Nikamwambia si dawa, na sikusema uongo. Lakini usiku ule sikulala, maana nilikumbuka kwamba mara mbili ami aliniambia, bila kuulizwa, kuwa kichwa kinamwamsha kabla ya adhana ya alfajiri, na kwamba akitapika hupata nafuu kidogo. Maneno yale peke yake yalitosha kumwandikia aende hospitali siku ile ile. Mimi niliyasikia nikaendelea kuhesabu chenji.

Sasa swali lenyewe, maana lazima ujue unachojibu. Watafiti huchukua wagonjwa wenye glioma, yaani uvimbe unaoanzia ndani ya ubongo wenyewe, wakawatafutia wenzao wa umri ule ule wasio na ugonjwa, kisha wakalinganisha nani alikuwa akitumia aspirini, ibuprofen na nduguze, na kwa muda gani. Tafiti nyingine zilikuta watumiaji wa dawa hizo wanaugua kidogo kuliko wengine, nyingine hazikukuta tofauti. Ushahidi thabiti kwamba dawa hizi zinazaa uvimbe wa ubongo haukupatikana. Kinachojulikana kuuleta ni mionzi mikali iliyopigwa kichwani, kama ile ya tiba ya saratani, na maradhi machache ya kurithi. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakionekani kabisa.

Ila kuna mtego, na ndio uliomnasa mwana wa ami. Uvimbe unaweza kuumiza kichwa miezi mingi kabla haujagunduliwa. Kichwa kikiuma, mtu anameza panadol. Ukija kuhesabu baadaye utakuta wenye uvimbe walimeza panadol nyingi. Ni sawa na kupita mitaani wakati wa masika, ukakuta kila nyumba inayovuja ina ndoo katikati ya chumba, ukasema ndoo ndizo zinazotoboa paa.

Hofu ya watu nayo usiidharau, ina asili yake. Ilikuwepo dawa ya maumivu ikiitwa phenacetin, iliyotumika duniani kwa miongo mingi. Waliokuwa wakiimeza kila siku kwa miaka waliharibika figo, na wengine walipata saratani ya njia ya mkojo. Marekani iliondolewa sokoni mwaka 1983. Mwili ukiipokea phenacetin huigeuza sehemu kubwa kuwa paracetamol, yaani dawa ile ile iliyomo ndani ya panadol, kwa hiyo ilikuwa haki watu waitazame paracetamol kwa jicho kali. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliipitia tena mwaka 1999 na kuiacha kwenye kundi la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kuviita visababishi vya saratani. Phenacetin yenyewe imo kundi la kwanza, la vilivyothibitika. Mteja akikwambia "lakini niliwahi kusikia," pengine alichosikia ni mwangwi wa habari hiyo.

Haya yote usimsomee mteja. Mwambie sentensi mbili, kisha umuulize: mwezi huu umemeza siku ngapi?

Hapo ndipo kazi ilipo. Dawa ya kichwa ikimezwa mara nyingi huanza kuleta kichwa. Kwa paracetamol peke yake, aspirini au ibuprofen, hesabu ni siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi mitatu. Kwa dawa za mchanganyiko, kama panadol yenye kafeini, ni siku 10 tu. Mtu huamka kichwa kinamgonga, anameza, kinatulia, jioni kimerudi, naye anaamini maradhi yanazidi. Nimewaona kina mama wa hapa sokoni waliokaa hivyo mwaka mzima. Tiba yake ni kuacha, na wiki ya kwanza kichwa huwa kibaya kuliko kabla, kwa hiyo mwambie mapema, na mwelekeze kwa daktari amsimamie. Ukimwambia aache tu, kesho kutwa utamwona duka la jirani.

Usihesabu vidonge peke yake, hesabu siku. Mtu anayemeza kimoja kila siku anaonekana mpole kuliko aliyemeza sita kwa siku moja ya homa, lakini huyo wa kimoja ndiye wa kumkalisha kwenye benchi.

Diclofenac na ibuprofen zina mambo yake. Zinazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta maumivu, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Mchumaji aliyetoka shambani kwa jua, maji hajanywa, tumboni hana kitu tangu chai ya asubuhi, ukimpa diclofenac umemchagulia vidonda vya tumbo na figo kwa mkupuo mmoja. Ramadhani ni hivyo hivyo. Kichwa cha siku za mwanzo za mfungo mara nyingi ni kiu, au ni kahawa iliyokatwa ghafla. Mwambie anywe maji ya kutosha baina ya futari na daku kabla hujagusa rafu.

Paracetamol ni pole kwa tumbo, ila ini halina mzaha nayo. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, kwa hiyo soma boksi. Aliyezidisha anaweza kujiona mzima siku ya kwanza na ini limeshaanza kufa. Huyo haangaliwi nyumbani, anapelekwa hospitali hata kama anacheka.

Mengine kwa haraka: mtoto mwenye homa asipewe aspirini. Homa inayoshukiwa kuwa dengi, usitoe aspirini wala ibuprofen, kwa sababu ya kutoka damu. Mjamzito usimpe diclofenac wala ibuprofen bila daktari.

Na wa kumwandikia aende hospitali ni huyu: kichwa kinachomwamsha usingizini au kibaya zaidi asubuhi pamoja na kutapika, kichwa kipya kwa aliyevuka miaka hamsini, kifafa kwa asiyekuwa nacho, mkono au mguu mmoja kulegea, macho kuona viwili, au jamaa zake kusema "siku hizi kabadilika." Homa na shingo kukakamaa, aende sasa hivi. Wengi wao hawatakutwa na uvimbe, na hilo wewe halikuhusu. Mkaguzi akija ataangalia leseni, rafu na tarehe za mwisho wa matumizi. Ulichomuuliza mteja hakuna wa kukikagua.

Ami alirudi. Uvimbe wake ulikuwa wa utando unaofunika ubongo, ukatolewa. Mkono wa kushoto haujapata nguvu zake, mikarafuu anaiangalia kutoka chini na kuwagombeza wajukuu wanaovunja matawi. Akipita dukani hunisalimu, nami mpaka leo namwitikia nikiwa nimesimama.

Jambo la mwisho ni watoto wanaotumwa. Atakuja mmoja na sare ya skuli, pesa kaikunja ndani ya ngumi: "Babu kasema panadol." Namuuliza, babu alikutuma lini mara ya mwisho? "Juzi." Na kabla ya juzi? Ananyanyua mabega. Nampa vidonge vinne, na kikaratasi: Ami, kesho njoo mwenyewe tuzungumze. Wengine hununa wakahamia duka la pili. Walio wengi huja, na huanza kwa kulalamika kwamba nimewapunja.