Chumvi haipotei, huhama

Wadogo zangu mnaoanza kulima mboga huku Kisauni, Mombasa, kwa maji ya kisima, nianze na tuta langu la kwanza la mchicha. Nililimwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo, lakini ikifika saa sita mchana majani yamelala, na udongo ukiugusa una maji. Nikadhani mbolea imepungua, nikatia CAN, mbolea ya naitrojeni. Siku chache baadaye ncha za majani zikaungua kama zimepitishwa motoni, na kandokando ya tuta pakatanda ukoko mweupe. Nikauonja kwa ncha ya ulimi (nyinyi msionje penye mbolea): chumvi tupu.

Nilikosea mara mbili. Jua huyakausha maji, lakini chumvi iliyomo haipandi hewani. Kila ndoo huacha yake. Halafu mbolea ile nayo ni chumvi. Mkemia hasemi chumvi akimaanisha ya mezani peke yake. Asidi ikikutana na besi (kinyume chake, kama chokaa), kinachozaliwa, mara nyingi pamoja na maji, ni chumvi: salfeti ya amonia, nitreti ya kalsiamu, hata kaboneti ya kalsiamu, ambayo ndiyo jiwe la matumbawe tunalojengea. Zile zinazoyeyuka hugawanyika majini zikawa ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na zikizidi huyazuilia maji hadi mizizi ishindwe kuyavuta. Mmea unakufa kiu umesimama majini.

Kwa udongo wetu wa kichanga, dawa ni kumwagilia maji mengi kwa mpigo mmoja, yashuke chini ya mizizi na kuondoka na chumvi. Masika hukufanyia kazi hiyo bure. Maharagwe yapande wakati huo, maana mavuno yake huanza kushuka chumvi ya udongo ikivuka desisimensi 1 tu kwa mita, kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, nacho hupanda. Nyanya huvumilia hadi 2.5. Ukifika 4, udongo huo wataalamu huuita wa chumvi.

Dondoshea udongo wako ndimu. Ukitoa povu, una kaboneti: asidi ya ndimu inaifukuza kabonidayoksaidi. Penye udongo wa namna hiyo, salfeti ya amonia usiiache juu juu. Ifukie, na kamwe usiichanganye na chokaa wala majivu. Mimi nilichanganya kwenye beseni, nikapigwa na harufu kali ya mkojo hadi macho yakatoa machozi. Ile harufu ni ya amonia, gesi iliyobeba naitrojeni niliyoilipia, inapaa.

Sasa udongo mfinyanzi, kama ule wa karibu na mikoko. Hapa wengi hupoteza pesa. Chukua bonge dogo lililokauka, lizamishe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usilikoroge. Yasiwe ya kisima, kwa sababu chumvi yake itakuficha ukweli. Urudi baada ya saa chache. Bonge likivunjika tu na maji yakabaki maangavu, tatizo halijafika mbali. Lakini ukiona wingu kama la maziwa likilizunguka, sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, imeshika chembe za mfinyanzi na kuzitawanya, matundu yanaziba, na maji hayapenyi tena hata umwage mapipa.

Hapo ndipo jasi, ile jipsamu ya madukani, inapofaa. Ni salfeti ya kalsiamu. Kalsiamu inakamata nafasi ya sodiamu kwenye chembe, chembe zinashikana tena, na sodiamu inayotoka inaungana na salfeti. Huyeyuka polepole, gramu mbili na kitu kwa lita moja ya maji, kwa hiyo usitarajie mabadiliko wiki hiyo hiyo. Na ile salfeti ya sodiamu inayozaliwa ni chumvi pia, inayeyuka vizuri sana, na isipopata pa kutokea itarudi juu kiangazi kikikaza. Kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa jasi, chimba mtaro.