Kuponi au kugonga milango: ipi nafuu kwa kundi dogo?

SWALI: Tunaandaa bajeti ya utafiti wa afya kwa jamii ya wahamiaji ambao ni kama watu 2 katika kila 100. Mfadhili anataka gharama ya kila mhojiwa. Kwa hesabu yangu, kuwapata kwa kuponi, mmoja akimwalika mwenzake, ni nafuu mara tano kuliko kupita nyumba kwa nyumba. Nimpelekee hivyo?

JIBU: Subiri kwanza. Hesabu yako huenda ni sahihi, ila kipimo ulichoombwa ndicho kinachopotosha.

Tuseme kugonga mlango na kuuliza ni gharama ya 1, mahojiano yenyewe 4. Kundi likiwa asilimia 2, utagonga milango 50 kumpata mmoja anayestahili, na wakikubali wanne katika kila watano, milango inafika kama 62. Jumla ni 66 kwa mhojiwa. Kwa kuponi tuweke 12: mahojiano, kifuta jasho chake, kifuta jasho cha pili kwa aliyemleta, na ofisi ya kuwapokelea. Hiyo ndiyo mara tano yako.

Tatizo ni kwamba watu wanaoalikana hufanana. Mwanasosholojia Douglas Heckathorn, aliyeiandikia njia hii ya kuponi mwaka 1997, aliweka uzani wa kusawazisha wenye marafiki wengi na wenye wachache, lakini uzani hauondoi kule kufanana. Zamani wapangaji wengi walizidisha sampuli mara 2 wakaona inatosha. Baadaye ikaonekana inaweza kuhitajika zaidi ya hapo. Ukizidisha mara 4, maana yake wahojiwa wako 400 wanabeba taarifa za watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Nyumba kwa nyumba zidisha mara 1.5 tu, maana majirani nao hufanana, ila kidogo.

Sasa zidisha gharama ya kila mhojiwa kwa namba hizo. Kuponi: 12 mara 4, ni 48. Milango: 66 mara 1.5, ni 99. Nafuu ya mara tano imebaki mara mbili. Na kama kundi lingekuwa asilimia 5, milango ingepungua hadi 25, gharama ingekuwa 29, na ukizidisha unapata chini ya 44: kugonga kungeshinda! (Namba ni za mfano, za kwako zitoe kwenye majaribio.) Lakini kama watu hawa wanaogopa kujitambulisha kwa mgeni mlangoni, achana na hesabu yote hii. Nenda na kuponi.

Jambo moja ambalo bajeti nyingi husahau: minyororo ya kuponi hukatika. Wiki za mwanzo wahojaji hukaa bure huku kodi ya ofisi ikilipwa, kisha siku moja foleni inafika nje. Na kifuta jasho kikiwa kinono, watakuja wasio wa kundi, na wengine watarudi mara ya pili kwa jina jingine. Anayewakagua naye analipwa.

Mpelekee mfadhili namba zote mbili, ile ya kila mhojiwa na ile uliyozidisha, na iliyozidishwa itangulie.