Fundi Anajibu: Klachi ya TY175 haikati

SWALI: Shikamoo fundi. Baba mdogo ameniachia Yamaha TY175 ya mwaka 1975, na ndiyo ninayopandia njia za migombani huku kwetu. Ikishapata moto, hata nikibana klachi mpaka mwisho, nikiingiza gia ya kwanza inajivuta yenyewe. Nyutro nayo haipatikani mpaka nizime injini. Fundi wa mtaani kaniwekea pleti mpya na springi ngumu zaidi, lakini hali imezidi kuwa mbaya na kiganja kinauma. Ninunue pleti nyingine?
Msomaji wa Kibosho, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue. Klachi ina magonjwa mawili, na kila moja ni kinyume cha mwenzake. Injini ikilia na pikipiki haipandi, klachi inateleza: pleti zimeisha au springi zimechoka. Yako haikati, maana yake pleti hazitaki kuachana. Springi ngumu zinazidi kuzibana, ndiyo maana umeongezewa tatizo na maumivu ya kiganja juu yake. Zile za zamani kama unazo, zipange wima mezani. Zikiwa na urefu sawa, zirudishe.

Pikipiki hiyo imetengenezwa kwa klachi inayokata sawasawa. Yamaha walizitengeneza TY wakiwa na Mick Andrews, Mwingereza aliyeshinda Scottish Six Days Trial, mashindano ya pikipiki ya siku sita huko Uskoti, mwaka 1974 na 1975 akiwa juu ya Yamaha. Kwenye mchezo ule, unaoitwa trial, mtu anapita juu ya mawe na mizizi kwa mwendo wa miguu, amesimama kwenye vikanyagio, na akigusa chini mguu mmoja tu anahesabiwa kosa. Vidole viwili viko kwenye klachi muda wote. Kwenye mteremko wenye tope wa Kibosho mahitaji yako ni yale yale.

Anza na waya, kwa sababu haugharimu kitu. Kwenye shingo ya kishikio cha klachi acha nafasi ya milimita 2 hadi 3, isizidi. Halafu angalia mkono mdogo wa kwenye injini: pale klachi inapoanza kuachia, mkono na waya vikaribie kufanya pembe mraba. Mkono ukiwa umelala, unavuta sana huku ndani kunasogea kidogo. Waya uliotanuka au wenye nyuzi zilizokatika, badilisha tu.

Sasa fungua. Funga koki ya petroli, laza pikipiki upande wa kushoto, toa kiki na kava la kulia. Mtu akubanie klachi, wewe tazama presha pleti, ile ya nje inayobana pleti zote, inavyonyanyuka. Mimi nataka kuona kama milimita 1.5, na inyanyuke sawa pande zote. Ikienda upande, springi hazilingani. Ile fupi iwekee washa nyembamba chini yake. Ikinyanyuka sawa lakini kidogo, chomoa kifimbo cha kusukumia. Ncha iliyogeuka bluu au kutanuka imeungua na kuisha. Gololi inayokaa nacho uihakikishe pia, maana nimeshapokea injini ambazo aliyefungua mwanzo hakuirudisha.

Lakini kwa pikipiki ya umri huo, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye hausingi ya klachi, ile ndoo inayobeba pleti. Vidole vyake ni vya aluminiamu, na masikio ya pleti za faiba yamevigonga miaka yote hiyo hadi yakachimba vijishimo. Ukibana klachi, pleti inataka kuteleza kwenda nje, sikio linanasa shimoni. Hata ukiweka pleti mpya za bei gani, zitanasa hapo hapo. Pitisha ukucha utavisikia. Kama ni vya kina kidogo, vipige tupa laini, taratibu, kila kidole kwa kiasi kile kile, na uso ubaki mraba. Grainda isiguse hapo. Naumia sana nikiletewa hausingi iliyosagwa na grainda, kwa sababu hairudi tena na kupata nyingine ni kazi. Mashimo yakizidi nusu milimita, anza kuitafuta nyingine, kwani ukila chuma kingi pleti zitabaki zinacheza na kugonga. Kitovu cha ndani, zinakoshika pleti za chuma, kina ugonjwa huo huo, kikague.

Pleti za chuma zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha na ujaribu kupitisha fila geji, kile kipimo cha vibati vyembamba, pembeni. Iliyopinda inagusa jirani yake hata klachi ikibanwa, na joto likipanda zinazidi kubanana. Hilo linalingana na maelezo yako ya kukataa ikipata moto. Pleti mpya za faiba zilowekwe kwenye oili usiku kucha kabla ya kufungwa. Uliniandikia wewe umebadilishiwa. Muulize huyo fundi kama alizifunga kavu.

Mwisho oili. Ya gia kwenye pikipiki hii iko peke yake, haihusiani na ile ya kuchanganya na petroli. Weka 10W-30 ya pikipiki. Namba 90 ya gia za magari ni nzito mno, hasa asubuhi za huko juu mlimani, na pleti zinashikamana.

SWALI: Fundi, wenzangu wanaweka haidroliki ya stelingi kwenye gia boksi ya pikipiki kama hizi. Ni salama?
Msomaji wa Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, wapo waendeshaji wa trial wanaotumia ATF, oili ya gia boksi za otomatiki ambayo magari mengi huiweka kwenye stelingi, na kwa klachi inayokataa asubuhi kwenye baridi inasaidia kwa kuwa ni nyepesi. Ukiitumia, badilisha mapema kuliko oili ya kawaida. Ila kagua hausingi kwanza. Kama imechimbika, oili nyepesi haitaondoa mashimo yale. Kwenye za kwangu hapa mtaani Unga Limited, Arusha, naweka 10W-30.