Vijana wanachora magari yanayopaa: tufanyeje?

SWALI: Nalea klabu ya wanafunzi 24, wa miaka 12 hadi 16. Niliwaomba wachore mji wao wa mwaka 2050. Karibu wote wamechora maghorofa ya vioo na magari yanayopaa. Nitawatoaje huko? Na kazi yao ikikamilika, niipeleke wapi?
Mlezi

JIBU: Kasoro ipo kwenye swali, si kwa vijana. Ukimuuliza mtu habari za mji mzima na mwaka wa mbali, atachota picha alizoziona kwenye filamu. Mpe mahali anapopajua kwa miguu yake: kiwanja kimoja, kituo kimoja cha basi, njia ya kwendea shule.

Kabla ya kuchagua, ulizia ofisi ya mipango miji ni eneo gani halijaamuliwa bado. Wengi huharibikiwa hapa: vijana wanaitwa wakati ramani imeshapigwa mhuri. Roger Hart, mtafiti wa masuala ya watoto, katika ngazi yake ya ushirikishwaji ya mwaka 1992 yenye vipandio 8, alisema vipandio 3 vya chini si ushirikishwaji kabisa. Kuwafanya watoto mapambo ya hafla ni kimojawapo.

Kisha tembeeni, makundi manne ya watu 6, kila kundi na futikamba na daftari, saa zilezile wanazopita kila siku. Wapime. Kiti cha magurudumu kinataka upana wa angalau sentimita 90 hivi. Ukingo wa njia wenye kimo cha sentimita 15, kwa mteremko wa 1:12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila 12 za kwenda mbele, unadai sentimita 180 za kupandia. Kijana aliyepima hivyo husahau gari la kupaa. Anaanza kuuliza hizo sentimita 180 zitatoka wapi. Wasichana waandike kwanza peke yao, maana kona wanazoziogopa mara nyingi hawazitaji mbele ya wavulana.

Mkirudi, tengenezeni modeli kwa skeli ya 1:100, yaani mita moja iwe sentimita moja. Kiwanja cha mita 60 kwa 80 kitaenea kwenye kadibodi ya sentimita 60 kwa 80. Anzeni na watu: kipande cha njiti ya kiberiti cha sentimita 1.7 ni mtu mzima. Msipowaweka watu mapema, benchi litakuwa kubwa kuliko chumba na hakuna atakayegundua. Siku ya kwanza tumieni pini, gundi ingoje. Kitu kikishagandishwa, aliyekiweka hukitetea badala ya kukisogeza.

Kama kuna kompyuta, mchezo wa Minecraft, wa kujenga kwa vipande vya mraba, unafaa pia. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na Mojang, kampuni iliyoutengeneza, walianza kuutumia kubuni maeneo ya umma mwaka 2012. Ila pokezaneni kipanya kila dakika 10, la sivyo hodari mmoja atajenga mji wake.

Kuhusu pa kupeleka: usiishie kwenye maonyesho. Mwite ofisa wa mipango miji mbele ya modeli, vijana wenyewe waeleze, kisha wampe karatasi ya ukurasa mmoja yenye tatizo, vipimo na pendekezo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unataka maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake, kwa hiyo kupiga nao picha hakutoshi. Ombeni jibu la maandishi lenye tarehe: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Likifika, lisomeni mbele ya wote 24, hata kama ni la kukataa.