Pointi za hoteli kwa safari ya wazazi: hesabu ianzie wapi?

Swali

Ndugu mshauri, ninawapangia wazazi wangu mapumziko ya usiku tano katika mji mkubwa wasioufahamu. Baba ana miaka 78 na goti la kulia linamsumbua. Mama ana miaka 74, anatembea vizuri, lakini anatumia insulini na usingizi wake ni mwepesi. Hakuna anayetumia kiti cha magurudumu, na mimi sitasafiri nao. Nina pointi 210,000 za Marriott Bonvoy, mpango wa uanachama wa hoteli za Marriott, na nimebakiza hoteli tatu. Ya kwanza ni jengo refu la kisasa katika eneo la maofisi, kilomita nne kutoka mji mkongwe yaliko makumbusho wanayotaka kuyaona. Inatoza pointi 45,000 kwa usiku au dola 320, na ndani ya dola hizo mna ada ya huduma ya dola 35. Ya pili ni jengo la zamani katikati kabisa ya mji mkongwe: pointi 50,000 au dola 300. Ya tatu ni hoteli mpya ya kawaida karibu na stesheni ya treni, mita 900 kutoka makumbusho: pointi 30,000 au dola 150. Rafiki zangu wananisihi nichukue ya kwanza, wakisema ndiyo inayozipa pointi thamani kubwa kuliko zote. Je, wamesema kweli?

Jibu

Kwa hesabu wanayoitumia, wamesema kweli. Kasoro ni kwamba wazazi wako hawamo ndani ya hesabu hiyo.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa kuwa haina budi kufanywa hata kama si yenye neno la mwisho. Marriott Bonvoy humpa mwanachama usiku wa tano bila pointi anapoweka nafasi ya usiku tano mfululizo katika hoteli moja kwa pointi tupu, na usiku unaosamehewa ni ule wenye pointi chache zaidi. Kwa hiyo hoteli ya kwanza itakula pointi 180,000, ya pili 200,000 na ya tatu 120,000. Ukigawa fedha ambazo ungelipa kwa pointi utakazotumia, unapata takribani senti 0.89 kwa kila pointi katika hoteli ya kwanza, senti 0.75 katika ya pili na senti 0.63 katika ya tatu. Hapo ndipo rafiki zako walipoishia.

Walichokisahau ni ile ada ya dola 35. Katika mpango huu, hoteli zinazotoza ada ya aina hiyo huweza kuitoza hata kwa mgeni aliyelipia chumba kwa pointi, tofauti na Hilton Honors na World of Hyatt, mipango ya hoteli za Hilton na Hyatt, ambayo huisamehe kwenye nafasi za pointi tupu. Wazazi wako watatoa dola 175 mfukoni kwa usiku tano, kwa hiyo pointi zako zimeokoa dola 1,425 na si 1,600, na thamani imeshuka hadi senti 0.79. Sasa ongeza teksi. Mzee mwenye goti bovu hatoki asubuhi akarudi jioni. Hutoka, hurudi kupumzika adhuhuri, kisha hutoka tena. Hizo ni safari nne kwa siku, safari 20 kwa siku tano, na hata tukikadiria dola 12 tu kwa kila safari, dola 240 nyingine zimekwenda. Thamani ya hoteli ya kwanza sasa ni senti 0.66, chini ya ile ya pili. Na kwa uzoefu wangu, wazee wengi hawazifanyi safari hizo nne. Wanaona teksi ni usumbufu na gharama, wanaacha kurudi adhuhuri, na kufikia siku ya tatu wamechoka kiasi kwamba wanashinda chumbani wakitazama televisheni iliyo katika lugha wasiyoielewa.

Kwa hiyo hoteli ya kwanza ningeiondoa. Mashindano ya kweli ni kati ya ya pili na ya tatu, na hayaamuliwi na senti. Yanaamuliwa na bafu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewahi kulikosea. Miaka kadhaa iliyopita niliwawekea nafasi bibi na bwana mmoja wa umri kama wa wazazi wako katika hoteli yenye sifa nzuri, chumba kipana, mandhari ya kuvutia. Shawa ilikuwa juu ya beseni la kuogea, na ukingo wa beseni hilo ulifika juu ya goti la yule bibi. Siku ya kwanza alijaribu kuingia akiwa ameshika pazia la plastiki, maana hapakuwa na kingine cha kushika. Siku tatu zilizofuata alijipangusa kwa taulo kwenye sinki, na hakumwambia mtu mpaka waliporudi. Hakuna ukurasa wa hoteli uliokuwa umeandika uongo wowote. Uliandika “bafu la kisasa lenye shawa”, na shawa ilikuwapo.

Ndiyo maana usiulize kama bafu lina shawa. Uliza hivi: mtu akiwa nje ya sehemu ya kuogea anainua mguu kiasi gani ili aingie? Mhudumu akijibu kuwa ni sentimita mbili au tatu, au kwamba sakafu ni moja, umepata unachokitafuta. Akisema kuna beseni, uliza kama vyumba vingine vya daraja hilohilo vina shawa ya kusimama peke yake, kwa sababu katika majengo ya zamani vyumba viwili vilivyopakana vinaweza kuwa na mabafu yasiyofanana hata kidogo. Kisha uliza kama kuna vyuma vya kushikia vilivyofungwa ukutani kwa skrubu, kimoja ndani ya shawa na kimoja kando ya choo. Kitundiko cha taulo si chuma cha kushikia, ingawa wazee hukishika, nacho hung’oka. Uliza pia kama wanaweza kuweka kigoda cha kuogea na mkeka usioteleza. Hoteli nyingi zinavyo stoo na haviletwi mpaka viombwe.

Huenda mhudumu akakupendekezea chumba cha watu wenye ulemavu, ambacho mara nyingi hutoka kwa pointi zilezile za chumba cha kawaida ingawa si lazima kionekane unapotafuta kwenye programu ya simu. Ni pendekezo la kufikiriwa, lakini kichunguzwe. Vyumba hivyo ni vya aina zaidi ya moja: kuna vilivyotengenezwa kwa ajili ya wasiosikia, vyenye taa za tahadhari tu na bafu la kawaida, na kuna vile vya wenye shida ya kutembea, ambavyo vingine vina beseni lenye vyuma na vingine vina shawa ya sakafu moja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomfaa baba, ila ina tabia yake: kwa kuwa haina kizingiti, maji husambaa bafu zima, na anayeingia chooni usiku hukanyaga sakafu iliyolowa. Taulo mbili za ziada za sakafuni zinatosha kuidhibiti. Ukikubaliwa chumba hicho, omba waandike kwamba kimethibitishwa, si kwamba ombi limepokewa, kwani kati ya maneno hayo mawili pana tofauti ya kulala na kutolala. Nchini Marekani kanuni za ADA, sheria ya haki za watu wenye ulemavu, zinazitaka hoteli tangu 2012 zimshikie mgeni chumba hicho mahususi alichokiweka; kwingineko, kinga yako ni barua pepe yenye jina la aliyekujibu.

Kitanda nacho kipimwe. Magodoro ya hoteli yamekuwa manene, na mtu mfupi hulazimika kuruka kidogo ili akae. Kimo kinachomfaa mwenye goti bovu ni kile kinachomwezesha kukaa ukingoni nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu kikamilifu, yaani takribani sentimita 45 hadi 55 kwa watu wengi. Kwa kuwa mama ana usingizi mwepesi, uliza kuhusu vitanda viwili; baba akiamka mara tatu usiku, godoro la mama halitatikisika.

Sasa jengo. Hoteli ya pili ni ya zamani, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Swali la “mna lifti?” hujibiwa ndiyo kwa uaminifu kabisa, huku lifti hiyo ikianzia juu ya ngazi saba kutoka mlangoni, au ikiishia ghorofa moja chini ya chumba. Muulize mhudumu akusimulie njia yote kutoka teksi inaposimama hadi kitandani, akihesabu kila ngazi. Katika miji mikongwe barabara nyingi zimefungwa kwa magari, na teksi inaweza kuwashusha mita 200 kabla ya mlango, kwenye mawe ya mviringo, wakiwa na masanduku. Fahamu vilevile kwamba pointi hununua chumba cha daraja la msingi, na katika jengo la aina hiyo daraja la msingi mara nyingi ni vyumba vya chini ya paa au vinavyotazama ua wa ndani. Cha uani usikikatae: hakina mandhari, lakini kina ukimya ambao mama anauhitaji kuliko mandhari. Omba ghorofa ya pili au ya tatu. Huko makelele ya mapokezi hayafiki, na kengele ya moto ikilia, ambapo lifti hazitumiki, baba ana ngazi anazoweza kuzishuka.

Hoteli ya tatu, kwa upande wake, ina faida ya upya: huenda mabafu yake yote yanafanana, na lifti ipo usawa wa mlango. Bei yake ni zile mita 900. Ramani za simu hukadiria mwendo wa karibu mita 80 kwa dakika, kwa hiyo zitakuambia dakika 11. Mtu anayetembea mita 50 kwa dakika atatumia 18, bila kuhesabu mapumziko, na atazirudia wakati wa kurudi. Tazama picha za barabara hiyo uone kama pana mabenchi na kama ina mwinuko. Pembeni ya stesheni pia pana kelele, kwa hiyo omba chumba kisichotazama reli wala barabara.

Kuhusu insulini, chupa au kalamu ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na iliyokwisha kuanza kutumika, kwa aina nyingi, huweza kukaa katika joto la kawaida la chumba kwa takribani siku 28. Karatasi ya dawa yake ndiyo yenye kauli ya mwisho. Friji ndogo ya chumbani usiiamini kwa jina tu. Nyingine hupoza kidogo mno, nyingine huzimika mgeni anapochomoa kadi ya umeme mlangoni, na nyingine zina barafu nyuma, ambapo insulini ikigusana nayo na kuganda haifai tena. Mama aipime friji hiyo kwa kipimajoto kidogo siku ya kwanza, au aombe friji ya dawa kutoka mapokezi.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Kwa kuwa hutasafiri nao, piga simu ili jina la baba na la mama yawekwe kwenye nafasi hiyo, la sivyo mapokezi watatafuta jina lako. Kifungua kinywa cha bure au chumba bora unavyovipata kwa hadhi yako ya uanachama kwa kawaida haviwafuati wageni usiokuwa nao, hivyo usiwaahidi. Hoteli itaomba kadi ya benki ya kuzuia dhamana wakati wa kuingia, na katika miji mingi kuna kodi ya mji kwa kila mtu kwa kila usiku ambayo pointi hazilipi. Wawe na kadi yao mkononi. Soma siku na saa ya mwisho ya kufuta bila kupoteza pointi, kwa saa za mji wa hoteli, maana katika umri huo safari huweza kuahirishwa na daktari wiki moja kabla.

Rai yangu ni hii. Hoteli ya pili ikiyajibu vizuri maswali ya bafu na ya ngazi, ichukue, japo itakumalizia karibu pointi zote, kwa sababu kuwa na kitanda dakika tano kutoka makumbusho ndiko kutakakowapa wazazi wako siku tano kamili badala ya mbili na nusu. Ikishindwa jibu moja kati ya hayo mawili, nenda ya tatu bila kusitasita na utumie pointi 90,000 zitakazobaki kwa safari nyingine. Zitadumu mradi akaunti yako isikae miezi 24 bila shughuli yoyote. Usijaribu kuzigawa siku kati ya hoteli mbili: utaupoteza usiku wa tano wa bure, na utamfanya baba afunge masanduku katikati ya mapumziko.

Pointi zako hazitoshi kuzilipia hoteli zote mbili kwa pamoja, kwani zingehitaji pointi 320,000. Kwa hiyo piga simu kabla ya kuweka nafasi, si baada yake, na uipigie hoteli yenyewe wala si kituo cha huduma cha mpango. Chagua saa nane au tisa mchana kwa saa za huko, wageni wa asubuhi wakiwa wameshaondoka. Mhudumu akikuambia hana hakika na bafu, mwombe kwa adabu apande juu na simu yake akapige picha ya chumba kimoja cha daraja hilo, mlango wa shawa ukiwa wazi na kiatu chake kikiwa kando ya kizingiti.