Programu inasema faili limefika, kule wamekuta nusu

SWALI: Habari za kazi, kaka. Kila jioni natuma faili la mapokezi ya kahawa ya maganda kutoka chama chetu cha msingi hapa Moshi kwenda seva ya Arusha, kwa FTP (itifaki ya kuhamisha mafaili). Laibrari, yaani msimbo unaoongea na seva, nimeiandika mwenyewe. Siku nyingine programu inaandika "limefika", kumbe kule wamepata nusu. Tena amri ya SIZE inayofuata, ya kuuliza ukubwa wa faili, hujibiwa namba 226. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hiyo 226 ndiyo iliyokufichua.

Bila shaka ukituma STOR, amri ya kupeleka faili, unasoma jibu moja, unaona 150, unashangilia. Lakini 150 ni seva kusema "haya, nafungua njia ya data, leta". Hakuna kilichofika bado. FTP ina njia mbili: ya amri na majibu yake, na ya data yenyewe. STOR hujibiwa mara mbili. Ukimaliza kutuma, funga soketi (muunganisho) ya data, kisha rudi kwenye njia ya amri ungoje jibu la pili. Likiwa 226, seva imemaliza kupokea. Likiwa 426, njia imekatika katikati. 452, diski ya seva haina nafasi. Wewe huwa umeshaondoka habari hizo zinapofika.

Na jibu usilolisoma halipotei, linakungoja kwenye bafa, kumbukumbu ya muda ya muunganisho. Unauliza SIZE ukitarajia 213 yenye ukubwa wa faili, unaokota 226 ya STOR. Kuanzia hapo kila amri inapewa jibu la mwenzake. Nimewahi kukesha na kosa hilihili, nikiulaumu mtandao hadi alfajiri.

Uamuzi wako ujengwe juu ya tarakimu ya kwanza: 1 ngoja, 2 tayari, 3 lete kinachofuata (331 inadai nywila), 4 imeshindikana kwa sasa, 5 imekataliwa. Ya 4 subiri kidogo urudie. Ya 5 usirudie kama kasuku. 530 ni kwamba hujaingia, na kugonga mlango mara ishirini hakutakufungulia. Maneno yanayofuata namba yaandike kwenye logi tu, kila seva ina yake.

Angalia pia salamu ndefu ya seva unapounganisha. Mstari ukianza na 220 na kistari, jibu halijaisha: soma hadi mstari unaoanza na 220 na nafasi. Usidhani kila usomaji wa soketi unakuletea mstari mzima; kusanya baiti mpaka uone CRLF, herufi mbili za kumaliza mstari.

Sasa lililo baya zaidi. Katika hali ya kawaida ya FTP, mwisho wa faili hutambulika kwa kufungwa njia ya data, basi. Programu yako ikianguka katikati na soketi ikafungwa vizuri, seva huona faili limeisha na kukupa 226 kwa roho safi. Kwa hiyo weka TYPE I (baiti ziende zilivyo), tuma kwa jina la muda, tuseme mapokezi.tmp, soma 226, uliza SIZE, linganisha na baiti za kwako. Zikilingana, badili jina: RNFR na jina la muda (utapata 350), kisha RNTO na jina halisi (250). Wenzako wa Arusha waambie wasiguse chochote chenye .tmp.